Jeni ya CAR ipo ndani ya seli, mbona seli imechoka?

Swali. Msomaji anayesomea shahada ya uzamili ya biolojia ya molekuli anauliza: "Seli za CAR-T huingiziwa jeni mpya kwa virusi, na jeni hiyo huungana na kromosomu moja kwa moja. Kama haitoki tena, mbona kwa wagonjwa wengine seli huchoka au hupotea ndani ya wiki chache, na kwa wengine hukaa miaka? Je, tukiweka promota yenye nguvu zaidi tatizo litakwisha? Na maabara ipime nini ili kujua kilichoharibika?"

Jibu. Kwa msomaji mgeni: CAR ni kipokezi cha kutengenezwa maabarani, na CAR-T ni seli T za kinga zilizopewa jeni yake ili ziitambue saratani. Nianze na swali lako la katikati, maana ndilo linalowapoteza wengi. Hapana, promota (kipande cha DNA kinachowasha jeni) yenye nguvu zaidi haitamaliza tatizo. Mara nyingi italiongeza. Seli T haikuzoea kubeba kipokezi kimoja kwa wingi ule ule usiku na mchana. Kipokezi chake cha asili kikigusana na antijeni, yaani alama kinayoitambua, huvutwa ndani, hupungua juu ya utando, kisha hurudi taratibu kadiri jeni yake inavyosomwa upya. Kupanda na kushuka huko huipa seli nafasi ya kupumua. Promota nzito tunayoifunga kwenye CAR haijui kupumzika.

Kwa hiyo jeni kukaa kwenye kromosomu ni sharti la kwanza tu. Kuna udhibiti wa jeni tuliyoipachika, na kuna udhibiti wa jeni ambazo seli ilizaliwa nazo, zile zinazoamua iwe seli ya kumbukumbu, seli ya mapambano ya muda mfupi, au seli iliyochoka. Makala nyingi hushughulika na ule wa kwanza kwa sababu maabara inaumudu. Ule wa pili ndio unaoangusha matibabu mara nyingi zaidi.

Jeni imetua wapi, na nani anaiwasha

Chukua dawa mbili za mwanzo, zote zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2017. Tisagenlecleucel, ya mwezi Agosti, hutengenezwa kwa lentivirusi. CAR yake huendeshwa na promota ya EF1α, na kipande chake cha ishara saidizi ni 4-1BB. Axicabtagene ciloleucel, ya Oktoba, hutumia retrovirusi ya kundi la gamma. CAR huendeshwa na ncha ya virusi yenyewe, LTR, na ishara saidizi ni CD28. Sehemu inayoshika CD19, protini iliyo juu ya seli B na saratani zake, ni ile ile kwa zote mbili, FMC63. Zinalenga kitu kimoja, ila jeni zake zinaendeshwa kwa njia tofauti kabisa.

Angalia pia dozi. Axicabtagene ciloleucel hutolewa seli milioni 2 kwa kila kilo ya mgonjwa, zisizidi milioni 200. Tisagenlecleucel kwa mtoto mwenye lukemia (saratani ya damu) aliye na kilo 50 au chini yake inaruhusiwa kuanzia milioni 0.2 hadi milioni 5 kwa kilo. Hiyo ni tofauti ya mara 25 kati ya chini na juu, na bado dawa ni moja. Sababu ni kwamba idadi inayoingia mshipani si kitu kikubwa. Kikubwa ni jinsi seli zinavyozaana zikishaingia. Kilele chake katika damu huwa karibu na siku ya 10. Uwezo wa kuzaana hauandikwi kwenye CAR peke yake. Umeandikwa pia kwenye hali ya kromatini (DNA pamoja na protini inazozungushiwa) ya seli siku ilipowekwa kwenye mfuko.

Sasa, virusi vinapopachika jeni havichagui mahali pamoja. Lentivirusi hupenda kuingia katikati ya jeni zinazosomwa, kwa kuwa kimeng'enya chake cha kujipachika huongozwa na protini ya seli iitwayo LEDGF/p75. Retrovirusi za gamma huongozwa na protini za kundi la BET, ambazo huzipeleka kwenye mianzo ya jeni na kwenye enhansa, yaani vile vipande vya DNA vinavyochochea usomaji wa jeni hata vikiwa mbali nayo. Hatari ya tabia hiyo ilionekana mjini Paris kuanzia mwaka 2002, pale baadhi ya watoto waliotibiwa ugonjwa wa kinga wa SCID-X1 walipopata lukemia: LTR ilitua karibu na jeni ya LMO2 ikaiwasha. Zile zilikuwa seli shina za damu; seli T zilizokomaa ni ngumu zaidi kugeuka. Lentivirusi za leo nazo zimekatwa kipande cha promota kwenye LTR ili zisiwashe majirani. Hata hivyo watengenezaji hutakiwa kuhakikisha wastani wa nakala za jeni kwa kila seli unabaki chini ya 5.

Matokeo yake ni kwamba mfuko mmoja wa CAR-T una mamilioni ya seli ambazo karibu kila moja ina jeni ya CAR katika jirani tofauti. Nyingine imetua penye uchangamfu, nyingine pembezoni mwa kromatini iliyobanwa. Jeni ni moja, usomaji ni tofauti.

Halafu kuna kuzimwa. Seli ina vimeng'enya vya DNMT vinavyobandika methili kwenye herufi C inayofuatwa na G, na promota za virusi huvutia kazi hiyo. Promota ya CMV ndiyo mfano wa kufundishia: kwenye seli za maabara za HEK293 inawaka vizuri, kwenye seli T inang'aa siku chache, kisha inafifia. Mwanafunzi anayeazima plasmidi ya maabara jirani bila kuangalia promota hupoteza mwezi hapo, akidhani virusi vyake ni dhaifu. EF1α, PGK na MND hustahimili zaidi, ingawa hata EF1α hushuka seli ikipumzika na hurudi ikiamshwa. Kushuka kwa aina hiyo si kuzimwa, na usiyachanganye mawili hayo. Nitaeleza chini namna ya kuyatenganisha.

Mfano unaojibu swali lako la promota vizuri kuliko wowote ninaoujua ulichapishwa mwaka 2017 na watafiti wa Baylor, Houston. Walichukua CAR zenye 4-1BB na kuziendesha kwa LTR ya retrovirusi ya gamma. Seli zikaanza kufa zenyewe kwenye sahani, bila kuona saratani. Kumbe 4-1BB, hata bila kuguswa, ilituma ishara ndogo kupitia protini ya TRAF2 hadi NF-κB, protini inayowasha jeni. NF-κB ikaipandisha LTR. LTR ikatoa CAR zaidi. CAR zaidi ikatuma ishara zaidi. Mzunguko huo ulipandisha Fas (kipokezi cha kifo) na ICAM-1 (protini ya kushikamana) juu ya utando, na seli zikaishia kuuana. Walipoiweka CAR ile ile chini ya promota isiyojibu NF-κB kwa kiasi hicho, mzunguko ukakatika. Kila kipande cha CAR kilikuwa sawa. Tatizo lilikuwa promota inayosikiliza ishara ya mtoto wake.

Ndipo linapokuja wazo la kutumia promota ya seli yenyewe. Mwaka 2017 kundi la Michel Sadelain, New York, liliipachika CAR ya CD19 kwenye TRAC, jeni ya mnyororo wa alfa wa kipokezi cha seli T, kwa CRISPR, mkasi wa jeni. Kwa mkono kazi ni hivi: amsha seli T kwa siku 2 hivi, ziingizie kwa mshtuko wa umeme Cas9, kimeng'enya cha kukata DNA, iliyokwisha kuunganishwa na RNA elekezi ya eksoni (kipande cha jeni kinachobeba maelezo ya protini) ya kwanza ya TRAC, ndani ya saa chache ongeza virusi vya AAV6 vilivyobeba CAR ikiwa na mikono ya DNA inayofanana na pande mbili za mkato. CAR haina promota yake. Inatanguliwa na P2A, kipande kinachotenganisha protini mbili, ili isomwe pamoja na TRAC, na kipokezi cha asili kinapotea hapo hapo.

Kwenye saitometri, mashine inayopima seli moja moja kwa mwanga, seli hizo hutoa kilele chembamba, zote zikiwa na CAR ya wingi unaolingana, tofauti na ule mlima mpana wa virusi. Zikigusana na antijeni CAR huzama, halafu hurudi polepole. Katika panya wenye lukemia zilizishinda zile za retrovirusi. Walipoweka promota ya EF1α pale pale kwenye TRAC, faida ilipungua. Mahali pale pale, CAR ile ile, promota yenye nguvu zaidi, matokeo mabaya zaidi.

Njia hiyo ina madhara yake. Mkato wa Cas9 kwenye TRAC unaweza kusababisha baadhi ya seli kupoteza kipande cha kromosomu 14 au kromosomu nzima. Ukikata jeni mbili au tatu kwa pamoja, ncha huweza kuungana vibaya; katika jaribio la Philadelphia lililochapishwa mwaka 2020, wagonjwa 3 waliopewa seli zilizokatwa TRAC, TRBC (jeni ya mnyororo wa beta) na PDCD1 (jeni ya PD-1, breki ya seli T) walionekana kuwa na miungano ya namna hiyo, ingawa ilipungua kadiri siku zilivyokwenda. Mara nyingi kosa la mwanafunzi ni jingine kabisa: anachelewa kuongeza AAV6 mpaka kesho yake, seli zimeshaziba mkato bila kielelezo, na CAR inaonekana kwa asilimia ndogo sana huku kipokezi cha asili kikiwa kimepotea karibu kwa zote. Ukiona picha hiyo, Cas9 imefanya kazi. Kilichokosekana ni DNA ya kunakili kwa wakati.

Uchovu hukaa kwenye kromatini

Kila jozi 147 za herufi za DNA huzungushwa kwenye fungu la histoni 8, na sehemu iliyobanwa hivyo ni kama mkeka uliokunjwa: mapambo yote yamo, ila hayaonekani mpaka ukunjuliwe. Seli T changa na seli iliyochoka zina DNA moja. Zinatofautiana katika sehemu zilizokunjuliwa.

CAR ikishika CD19, ishara hupita CD3ζ, mkia wa CAR ulio ndani ya seli, kalsiamu huingia, kalsinurini huondoa fosfati kwenye protini iitwayo NFAT, na NFAT huingia ndani ya kiini. Huko inahitaji mwenzake, AP-1, ambayo ni muungano wa Fos na Jun. Wakikaa pamoja kwenye DNA huwasha jeni za mapambano kama IL2. Ishara ikiwa fupi, mambo huishia hapo. Ishara isipokoma, NFAT hubaki tele, Jun huzidiwa na washindani wake kina JunB na BATF, na NFAT iliyobaki peke yake huanza kuwasha NR4A na TOX, jeni za uchovu. Hizo nazo huita vimeng'enya vya kromatini. Maeneo ya jeni za breki, PDCD1, HAVCR2 (ya TIM-3) na LAG3, hukunjuliwa. Maeneo ya TCF7, LEF1 na IL7R, yaliyokuwa yanaipa seli uwezo wa kuzaana na kukumbuka, hukunjwa. Na yakishakaa hivyo muda mrefu hayarudi kwa urahisi. Methili zilizokuwa zimeifunga PDCD1 katika seli changa huondolewa na hazirudi hata PD-1 ikifunikwa kwa kingamwili. Ndiyo maana dawa za kuzuia PD-1 huipa seli iliyochoka nguvu za muda, halafu inarudi ilikokuwa.

Uchovu hauhitaji saratani kuwepo. CAR ya GD2 (alama ya saratani nyingine) inayotumia kichwa cha 14g2a hugandana yenyewe kwa yenyewe juu ya utando na kutuma ishara kutwa nzima. Seli huwa zimechoka kabla hazijatoka kwenye chupa, siku ya 10 au 11 ya kukuzwa. FMC63 haina tabia hiyo sana, na hii ni sababu mojawapo ya CAR za CD19 kutangulia mbele ya nyingine zote. Hapa pia ndipo promota nzito inapoumiza: CAR ikijaa juu ya utando, zinakaribiana, zinagandana zaidi.

Njia za kuzuia hilo zimekuwa nyingi, nami nitataja zile ninazoona zinafundisha kitu. Kundi la Crystal Mackall, Stanford, lilionyesha mwaka 2019 kwamba ukiiongezea seli c-Jun, ile sehemu ya AP-1 iliyopungua, inastahimili uchovu. Mwaka 2021 wakaonyesha jambo nililoliona la maana zaidi: ukiinyima seli ishara kwa siku chache tu, kwa swichi ya dawa au kwa dasatinib, kidonge cha lukemia ambacho pia huzuia kimeng'enya cha Lck ndani ya seli T, kromatini ya seli iliyokwisha kuchoka hujipanga upya na uwezo wa kuua hurudi. Pumziko hilo lilishindwa walipoizuia EZH2, kimeng'enya kinachobandika alama ya kufunga kwenye histoni. Yaani kupumzika si kuacha kazi. Ni kazi ya kukunja mikeka iliyofunguliwa vibaya, na ina vifaa vyake. Mwaka 2024 makundi mawili yalichapisha kwa wakati mmoja kwamba kuiongeza FOXO1, protini inayowasha jeni za kumbukumbu, kunaipa CAR-T sura ya seli ya kumbukumbu na kuifanya idumu. Kuongeza TCF1 peke yake, protini ya jeni ya TCF7 ambayo wengi wangeikimbilia kwanza, hakukuleta faida hiyo. Kuwa alama ya hali njema si kuwa chanzo chake.

Kuna na wale waliofuta. DNMT3A, mmoja wa vile vimeng'enya vya DNMT, ikiondolewa, CAR-T huendelea kuua baada ya raundi nyingi za kukutana na uvimbe, kwa sababu jeni za kumbukumbu hazibandikwi methili. Lakini DNMT3A ni miongoni mwa jeni zinazoharibika mara nyingi katika saratani za damu, na kuifuta ndani ya seli tunayoitaka izaane kwa wingi ni jambo la kulitazama mara mbili.

Mgonjwa mmoja na jeni ya TET2

Kisa hiki kiko kwenye maandishi ya kisayansi tangu 2018 na kinajibu "mbona kwa wengine zinakaa miaka" kwa ukaribu usio wa kawaida. Mgonjwa alikuwa mzee wa miaka 78 mwenye lukemia sugu ya limfu, CLL, aliyetibiwa Philadelphia. Dozi ya kwanza ya CAR-T haikushika. Akapewa ya pili. Kwa wiki kadhaa hakuna cha kushangaza. Kisha, kama miezi miwili baada ya dozi ya pili, seli zikafumka kwa wingi na saratani ikatoweka.

Watafiti walipochambua mahali lentivirusi ilipotua, wakakuta kwamba wakati wa kilele asilimia 94 ya CAR-T zote zilitoka kwa seli moja. Katika seli hiyo virusi vilikuwa vimeingia katikati ya TET2, jeni ya kimeng'enya kinachosaidia kuondoa methili, na kuivunja. Nakala yake ya pili, kwa bahati, ilikuwa na hitilafu iliyopunguza kazi yake. TET2 ikiwa imezorota pande zote mbili, seli ilikwama katika hali ya kumbukumbu, haikukimbilia uchovu, ikazaana. Walipoipunguza TET2 kwa makusudi katika seli za watu wengine, mwelekeo ulikuwa ule ule.

Wapo waliosoma habari hiyo wakasema basi tuifute TET2 kwa kila mgonjwa. Mwaka 2023 ilionyeshwa katika panya kwamba CAR-T zisizo na TET2 kabisa zinaweza, BATF3 (protini inayowasha jeni) ikipanda bila kushuka, kuanza kuzaana bila kuhitaji antijeni. Hapo si dawa tena. Onyo jingine lilitoka Sydney mwaka 2021: kati ya wagonjwa 10 waliopewa CAR-T zilizotengenezwa kwa transposoni ya piggyBac (DNA inayojipachika bila virusi), 2 walipata limfoma iliyoanza kwenye CAR-T zenyewe, zikiwa na nakala nyingi za jeni iliyopachikwa. Januari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitaka onyo la saratani za seli T liwekwe kwenye dawa zote za kundi hili. Kwa wagonjwa wengi faida bado ni kubwa kuliko hatari hiyo, ambayo ni adimu.

Na upande wa pili wa pambano nao una udhibiti wake wa jeni. Seli ya lukemia inaweza kuiruka eksoni ya 2 wakati wa kukata na kuunganisha RNA ya CD19. Protini inayotoka haina kipande ambacho FMC63 hukishika. Jeni ya CD19 ipo, RNA ipo, CAR-T nzima na yenye njaa ipo, na bado haioni kitu.

Kabla ya virusi: damu uliyoanza nayo

Sehemu kubwa ya hatima huamuliwa hapa, na nashangaa inavyopewa aya moja katika vitabu. Kwa wagonjwa wa CLL, wale waliopona walikuwa na seli zenye alama za kumbukumbu tangu kwenye mfuko, CD8 zenye CD27 bila CD45RO. Wasiopona walikuwa na seli zilizokwisha kuelekea mapambano, kuchoma sukari na uchovu. Chemotherapi ya awali huacha alama yake: bendamustine hasa, ikitolewa miezi michache kabla ya kukusanya seli T, hupunguza idadi na ubora wake. Hili lina maana kwa daktari wa Dar es Salaam au Nairobi anayefikiria kumpeleka mgonjwa India, ambako CAR-T iliyotengenezwa nchini humo, NexCAR19, iliidhinishwa Oktoba 2023. Uliza hospitali inayompokea kabla ya kuanza mzunguko mwingine wa dawa, wala si baada yake.

Siku za kukuza nazo hubadilisha kromatini. Seli zilizovunwa siku ya 3 zilifanya kazi vizuri zaidi katika panya kuliko zilizokaa hadi siku ya 9, ingawa ni chache. Saitokaini (protini za ishara) za IL-7 na IL-15 huhifadhi seli za kumbukumbu kuliko IL-2 nyingi. Tatizo la kuvuna mapema ni la vipimo: siku ya 3 bado kuna DNA ya virusi inayoelea bila kupachikwa, na protini ya CAR iliyobebwa na virusi vyenyewe, hivyo nakala na asilimia ya CAR huonekana kubwa kuliko ukweli. Zirudie siku ya 7 hadi 10 kwenye sampuli uliyoiacha iendelee kukua.

Maabara ipime nini

Maneno "CAR-T zimeshindwa" huficha mambo manne: seli zimepotea, jeni imezimwa, seli zimechoka, au saratani imeficha antijeni. Kila moja lina kipimo chake.

Pima nakala za jeni kwa PCR ya matone, ukilenga WPRE (kipande kilichokuja na virusi) au kiungo cha ndani ya CAR, pamoja na RPP30, jeni ya kawaida ambayo kila seli inayo mara mbili. Gawanya nakala za CAR kwa nusu ya nakala za RPP30. Kisha pima asilimia ya seli zenye CAR juu ya utando kwa saitometri, ukitumia protini ya CD19 au kingamwili ya FMC63. Sema umepata nakala 0.9 kwa seli. Kama nakala hizo zimesambaa kwa bahati nasibu, seli zenye angalau moja zingekuwa karibu asilimia 59. Saitometri ikikuonyesha 50, ni kawaida, kwa kuwa seli T hazipokei virusi sawasawa. Ikikuonyesha 15, kuna kinachozima. Ziamshe kwa vishanga vya CD3/CD28 kwa siku 2: CAR ikirudi, zilikuwa zimepumzika tu. Isiporudi, tuma DNA ipimwe methili kwenye promota. Na kama seli zimetoka kukutana na saratani, ziache saa 24 bila antijeni kabla ya kupima, la sivyo utaita kuzama kwa CAR kuzimwa kwa jeni.

Nakala zikiwa nzuri na CAR ikionekana, uliza uchovu. PD-1 peke yake haitoshi, maana seli iliyoamshwa jana nayo inayo. Tazama PD-1, TIM-3 na LAG-3 kwa pamoja, na TOX dhidi ya TCF1. Hizi mbili za mwisho zimo ndani ya kiini. Zinahitaji kemikali za kutoboa kiini, zile zinazotumika kwa FOXP3, protini nyingine ya kiini. Ukitumia zile za saitokaini, utando wa nje unafunguka, kiini kinabaki kimefungwa, unaandika "TOX hasi" kwa seli iliyojaa TOX. Kipimo cha kuua cha usiku mmoja pia hudanganya, kwa sababu seli iliyochoka bado huua mara moja. Ziongezee seli mpya za lukemia za NALM-6 kila baada ya siku 2 au 3, raundi 4 au zaidi, uone ni raundi gani zinaacha.

Ukitaka kuiona kromatini yenyewe, tumia ATAC-seq, kipimo kinachosoma sehemu za DNA zilizokunjuliwa. Seli 50,000 zilizo hai zaidi ya asilimia 90, kiini kitolewe kwenye barafu, kimeng'enya cha Tn5 kifanye kazi dakika 30 kwenye nyuzijoto 37. Seli zilizokufa ndizo adui mkubwa; DNA yake haina ulinzi, Tn5 hukata kila mahali, na ramani yako inakuwa ukungu. Kabla ya kulipia usomaji, pitisha maktaba kwenye mashine ya kupima urefu wa vipande: unataka ngazi zinazopishana kwa upana wa fungu moja la histoni. Usipoziona, anza upya.

Na kama huna lolote kati ya hayo, ila una mashine ya saitometri, kama zile zilizoenea katika maabara zetu kwa ajili ya huduma za VVU, ikiwa inasoma rangi za kutosha, hesabu seli B za kawaida kwenye damu ya mgonjwa kila mwezi. CAR ya CD19 inayofanya kazi huziua pia. Zikirudi ndani ya miezi 6 ya mwanzo, CAR-T zimepotea au zimelala, hata kama saratani bado haijaonekana. Saratani ikirudi huku seli B za kawaida hazipo, CAR-T ziko kazini na lukemia imeficha CD19; hapo itafute kwa CD22, CD10 na CD34, maana ukichuja kwa CD19 kama ulivyozoea hutaiona kabisa. Kwanza tu hakikisha mgonjwa hakupewa rituximab katika miezi ya karibuni, kwa kuwa nayo hufuta seli B na kukufanya uamini CAR-T ni nzima.